Kidonge Kimoja Kila Asubuhi

Kwa miaka kumi na tisa Baba Mapacha alitafuta riziki yake ndani ya mashimo ya lifti. Jengo lolote la mjini likigoma kupandisha watu, iwe hospitali, hoteli au ofisi za bima, aliyepigiwa simu alikuwa yeye. Na aliyefuatana naye, mfuko wa vyuma begani huku akipiga mluzi, alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike. Walikuwa wamezoeana kiasi kwamba mmoja akinyoosha mkono, mwenzake alishajua anataka bisibisi au spana, na namba ngapi. Wakifungua mdomo, basi ni utani. Shemeji alikuwa mtu wa maneno, wa kumchekesha hata mlinzi aliyeamka na kisirani.

Siku ya ajali walikuwa ghorofa ya saba ya jengo moja kuukuu. Ilikuwa saa saba mchana na ofisi zote zilikuwa tupu, watu wametoka kwenda kula. Lifti yenyewe ilikuwa chini kabisa. Mlango wa ghorofa ya saba ulikuwa wazi, na shemeji alisimama ukingoni akibadilisha gurudumu la mlango, mkanda wake wa usalama umefungwa kwenye chuma kilichopigiliwa ukutani. Chuma kile kiling'oka pamoja na kipande cha ukuta. Baba Mapacha alijirusha kifudifudi akamdaka kifundo cha mkono.

"Chuma kiling'oka, nikamshika, akanitoka." Hivyo ndivyo alivyowaambia polisi, hivyo ndivyo alivyowaambia wakubwa wa kampuni, na hivyo ndivyo alivyowaambia watu msibani. Maneno manne, basi. Wiki tatu baada ya maziko mdogo wake alimvuta pembeni, nyuma ya nyumba, penye kamba ya kuanikia nguo.

"Kaka, wewe ndiye uliyekuwa naye. Alisema nini?"

"Mdogo wangu, ilikuwa ghafla mno. Hakuwahi kusema kitu."

Alikuwa anadanganya, na mdogo wake alimtazama kama mtu anayejua kwamba anadanganywa. Tangu siku hiyo Baba Mapacha akawa anamkimbia. Akisikia anakuja, yeye ana dharura mjini. Akipigiwa simu, anampa mkewe aipokee.

Mwili nao ukaanza kumgeuka. Kitu kikidondoka jikoni, roho inamruka. Akisimama ukingoni mwa ngazi, viganja vinaloa jasho. Kazini alipelekwa kukaa stoo, kuhesabu mipira ya milango na kugawa oda, na vijana wa karakana, ambao hawakuwa na nia mbaya, wakampachika jina la Fundi Ngazi, maana mtu aliyezitengeneza lifti za nusu ya mji sasa alikuwa anapanda kwa miguu. Alicheka nao. Kisha akaenda chooni akakaa juu ya kifuniko cha choo mpaka mapigo ya moyo yalipotulia.

Kampuni ndiyo iliyompeleka kwa mshauri nasaha. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, na chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu: viti viwili, feni moja, na boksi la karatasi laini ambalo Baba Mapacha aliapa hataligusa. Mama huyo hakuzungukazunguka.

"Tutalisimulia tukio lile," alimwambia, "tangu mlipofika pale mpaka ulipotolewa. Macho umefumba, kama vile linatokea sasa. Tutalirudia wiki baada ya wiki, mpaka mwili wako ukubali kwamba limeshapita."

"Nimeshalisimulia, mama. Hata polisi wanalo."

"Ulichowapa polisi ni maneno manne. Mimi nayataka yote."

Siku ya kwanza alifika kwenye chuma. Siku ya pili alifika kwenye mkono. Hapo kifua kikabana kama kimekaliwa, na kabla mshauri hajamaliza kumwambia afungue macho, alishasimama, akafungua mlango, akatapikia kwenye ndoo ya kudekia ukumbini mbele ya mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni. Siku ya tatu hakwenda. Siku ya nne alifika hadi getini, akageuza.

Mshauri alimpigia simu mwenyewe. "Baba, sikulaumu. Mzigo ni mzito kuliko nguvu ulizo nazo sasa. Hulali, huli, unatetemeka tangu asubuhi; ukifika kwangu umeshachoka. Nenda ukamwone daktari wa akili. Kuna dawa zinazoweza kukuongezea nguvu ya kuubeba."

"Daktari wa akili?" alisema. "Mama, mimi si kichaa." Akakata simu.

Mkewe alikuwa anakunja nguo kitandani. Alikuwa amesikia yote. "Mwaka ule presha iliponipanda nilipewa dawa," alisema bila kuinua macho. "Ulinikumbusha wewe kila asubuhi, maji ya kunywa umeshika mkononi. Hukuniita mgonjwa wa moyo mbele za watu."

"Presha ni presha."

"Na hii yako ni nini?"

Alichukua ndala zake akatoka nje. Pengine asingejibu kamwe, lau si mlango.

Ilikuwa Jumapili jioni. Mapacha wake, wasichana wa miaka minane, walikuwa wanakimbizana ndani. Mmoja, yule waliyemwita Mchokozi, aliingia sebuleni mbio akaubamiza mlango nyuma yake kwa kishindo. Kabla hajajua afanyalo, Baba Mapacha alikuwa ameruka kutoka kwenye kochi, amemkamata mtoto kifundo cha mkono, amemburuta hadi sakafuni na kumkandamiza pale, anapiga kelele, "Shika! Shika! Usiangalie chini!" Mkewe alikuja akavitoa vidole vyake kimoja kimoja. Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alikaa tu pale sakafuni, gauni limelowa mkojo, akimtazama baba yake kama anavyotazamwa mbwa asiyejulikana. Kwenye kifundo cha mkono zilibaki alama nne nyekundu.

Usiku ule walipokwisha kwenda kulala, aliwasikia mapacha hao wakinong'onezana, na mmoja akisema, "Tusikimbie tena ndani. Baba ataanguka." Asubuhi alivaa shati la kutokea, akamwambia mkewe, "Naenda kwa huyo daktari. Na akinipa sumu nitakunywa."

Daktari wa akili aligeuka kuwa kijana mwembamba mwenye kalamu iliyotafunwa mwisho. Alimuuliza maswali mengi: usingizi, chakula, pombe, kama amewahi kutaka kujidhuru, kama kuna dawa nyingine anatumia. Kisha akaandika dawa, na akaweka kalamu chini.

"Kidonge kimoja, kila asubuhi, baada ya kula. Nataka tuelewane mapema. Hiki si cha kukulaza wala cha kukusahaulisha. Kazi yake ni kuishusha hofu taratibu, mpaka uweze kukaa nayo chumba kimoja bila kukimbia. Ile kazi ya kwa mama mshauri hakiwezi kukufanyia."

"Kitaanza lini?"

"Wiki nne, pengine sita. Wiki mbili za kwanza utanichukia. Tumbo litachafuka, kinywa kitakauka, na hofu yenyewe inaweza ikazidi kidogo kabla haijapungua. Ikizidi sana, au mawazo mabaya yakikujia, usingoje siku ya miadi. Piga simu hii. Na usiache ghafla kwa kuwa umeudhika, wala kwa kuwa umepona."

Baba Mapacha alizichukua dawa zile kama mtu anayechukua samansi ya mahakama. Lakini alikuwa ameshakata shauri, na akikata shauri, hata mkewe hujua kwamba hapo pamefungwa. Alichukua penseli yake ya kazini, akachora mistari ukutani nyuma ya mlango wa jikoni, mmoja kwa kila siku, kama alivyokuwa akiweka alama za matengenezo kwenye vyumba vya mashine. Akimeza, anakata mstari.

Daktari hakuwa amesema uongo. Siku ya tatu kichefuchefu kilimshika hata harufu ya chai ikamshinda. Siku ya sita alikaa macho mpaka alfajiri, miguu inacheza yenyewe chini ya shuka. Siku ya tisa alipiga ile simu, akaambiwa hali hiyo inatokea, apunguze chai ya rangi, avumilie siku chache, na apige tena kesho yake. Akapiga kesho yake. Akakata mstari wa kumi.

Siku ya kumi na nne ndipo mjomba alipoingia. Mjomba huyu, ndugu wa mama yake, dereva wa malori mstaafu, alikuwa na mfuko mdogo wa zipu anaotembea nao popote, na ndani yake mlikuwa na dawa za kila aina: za mgongo, za tumbo, za macho, nyingine alishasahau ni za nini. Alimkuta mpwa wake ameshika tama kwenye ngazi za nyumba.

"Hizo zao za kungoja wiki sita ni za watu wenye nafasi," mjomba alisema, akifungua zipu. "Nilipopasuliwa nyonga walinipa hivi. Ukinywa kimoja, shida zote za dunia zinakuwa za mwenzio. Chukua sita. Siku ya kwenda kwa yule mama, kunywa viwili kabla hujaingia."

Alijua hapaswi. Daktari alimuuliza kuhusu dawa nyingine, akakataa kwa kichwa. Sasa ingekuwa uongo. Lakini kesho yake ilikuwa Jumanne, siku aliyopangiwa kurudi kwa mshauri, nayo ilikuwa imemnyima raha tangu wiki iliyopita. Jumanne saa tisa na nusu mchana, kwenye choo cha chini cha jengo la mshauri, alimeza viwili kwa maji ya bomba.

Saa kumi alikuwa kitini, amefumba macho, na maneno yanatoka kama maji kwenye mfereji. Walifika saa nne. Walifungua mlango. Chuma kiling'oka. Akamshika. Akamshika kwa mkono wa kulia. Akaning'inia. Akaanguka. Hata jasho halikumtoka. Alifikiri moyoni, kumbe ni hivi tu? Mbona nimeteseka bure?

Alipofungua macho, mshauri alikuwa amevua miwani.

"Leo umenisomea taarifa ya habari," alisema polepole. "Umekunywa nini, baba?"

Angeweza kukana. Ulimi ulikuwa mzito, midomo kama si yake. "Vya mjomba," alisema. "Viwili."

Mama yule hakumfokea. Aliomba kuviona vilivyobaki, akasoma jina, akampigia daktari palepale, spika imewashwa. Daktari aliuliza ni saa ngapi, ni vingapi, na kama anapumua vizuri. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba vidonge vile na hiki chake havikutani bila yeye kujua, kwamba watu wamewahi kulala wasiamke, na kwamba leo haendi nyumbani peke yake. Basi Baba Mapacha akakalishwa kwenye kiti cha ukumbini, nesi akimpima kila baada ya muda, mpaka mkewe alipokuja na kanga begani.

Kabla hawajaondoka mshauri alichuchumaa mbele yake. "Nisikilize. Sikukatazi dawa. Mimi ndiye niliyekutuma ukazichukue. Lakini leo hukuwepo hapa. Tulikuwa tunasimulia, wewe umelala. Mwili wako haukujifunza kitu. Ukiendelea hivi, tutakuja Jumanne mia moja na shemeji yako atakuwa anaanguka vilevile."

Njiani mkewe alimshika mkono, yeye mwenye haya ya kushikana mikono barabarani.

Kesho yake alivipeleka vile vinne kwa mjomba.

"Vyako hivi, mjomba."

"Havikukufaa?"

"Vimenifaa mno. Ndiyo tabu yenyewe."

Mjomba alivirudisha kwenye mfuko wake, akanuna kidogo, kisha akasema, "Basi jikaze." Na Baba Mapacha akajikaza. Akakata mstari wa kumi na tisa, wa ishirini, wa ishirini na moja.

Hakuna siku aliyoweza kuitaja na kusema, leo dawa imeanza. Alichoona ni kwamba wiki ya tano alimaliza sahani ya wali bila kushurutishwa. Kisha alilala usiku mzima, akaamka akiwa na wasiwasi kwamba kuna kitu amekisahau. Kisha sufuria ilidondoka jikoni na yeye akasema tu, "Jamani!" Mchokozi, aliyekuwa anafanya hesabu mezani, aliinua kichwa, akamtazama, akarudi kwenye hesabu zake.

"Sasa nimekielewa kidonge hiki," alimwambia mkewe jioni hiyo. "Kwenye lifti kuna kifaa kinachopima mwendo. Hakiizuii kushuka. Inashuka, na lazima ishuke, ndiyo kazi yake. Kinachokataa ni kuporomoka."

"Na mimi miaka yote hii nimezipanda bila kujua," mkewe alisema. "Ungeniambia mapema ningepanda kwa miguu, kama wewe."

Alicheka, na kicheko kilimshtua mwenyewe.

Kwa mshauri haikuwa rahisi. Asije mtu akadhani. Hofu ilikuja kila Jumanne kama kawaida, jasho likamtoka, sauti ikakatika. Tofauti ni kwamba sasa ilipanda mpaka hapa, kifuani, ikasimama, ikamwachia nafasi ya kuvuta pumzi inayofuata. Alikuwa anaogopa, na bado amekaa kitini. Karatasi laini alizozikataa alizimaliza nusu boksi.

Jumanne moja, ya wiki ya nane, alifika mahali ambapo siku zote alikuwa anaparuka.

"Nimemshika," alisema, macho yamefumba. "Nimelala kifudifudi, kichwa changu kiko nje ya ukingo. Namwona uso. Ananiambia... ananiambia, 'Shem, mkono wako unatetemeka.' Namwambia, 'Unaotetemeka ni wako.' Anacheka. Mama, alicheka. Halafu hacheki tena." Akajifuta uso kwa karatasi laini. Mshauri hakumharakisha. "Akasema, 'Usiniachie.' Mara mbili. 'Usiniachie, shemeji.' Nami nikamwachia."

"Ulimwachia vipi? Mkono unafanya nini?"

"Umemshika."

"Endelea kuutazama. Unasikia nini?"

"Nasikia... kitu. Kah! Kama tawi. Humu." Mkono wake wa kushoto ulipanda wenyewe ukashika bega la kulia. "Halafu sina vidole. Vipo, lakini si vyangu. Havisikii." Akafungua macho. "Bega liling'oka, mama. Hospitali walilirudisha. Lakini mimi siku zote nimejua liling'oka mlinzi aliponivuta. Baadaye."

"Nani alikuambia ni baadaye?"

Akawapitia mmoja mmoja kichwani: mlinzi, polisi, manesi. Hakuna aliyemwambia.

Mwingine angeridhika hapo. Yeye alikuwa fundi. Kitu kisichopimwa alikuwa hakiamini, hasa kinapompendelea. Alhamisi aliomba ruhusa stoo, akaenda kwenye lile jengo kuukuu ambalo kwa miezi kumi alikuwa akivuka barabara ili asipite mbele yake. Alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akahesabu hadi nne, akaingia.

Mlinzi alikuwa yuleyule, mzee mfupi mwenye redio ndogo. Alipomwona, alizima redio, akasimama.

"Fundi! Nimekuulizia mara ngapi!"

"Mzee wangu, nina swali moja. Siku ile, uliponivuta, ulinivuta na nini?"

"Na mkanda wako wa suruali," mzee alisema bila kufikiri. "Na miguu. Mkono sikuugusa, ningeugusaje? Ulikuwa unaning'inia shimoni kama nguo mbichi. Nilipokugeuza, bega lilikuwa liko kwingine."

Baba Mapacha alijishika kwenye meza ya mapokezi. Mzee aliendelea, maana na yeye alikuwa na lake la kutua.

"Mimi nilikuwa hapa chini. Nikasikia ukelele. Nikapanda kwa miguu, lifti si mmeizima? Na magoti yangu haya. Nikipumzika, napanda. Nilipofika ya tano nilikuwa bado nawasikia wote wawili. Wawili, fundi. Nikajiambia nitawahi." Akafuta uso kwa kofia. "Kila nikizipanda zile ngazi najiuliza, kwa nini nilipumzika ile ya nne?"

Walikaa pamoja kwenye benchi la mapokezi kwa muda mrefu, watu wakipita. Baba Mapacha alijaribu kupiga hesabu: ghorofa tano, mzee, magoti yale. Hazikuwa sekunde alizomshika, zilikuwa dakika. Alimwambia mlinzi kuhusu mama mshauri na kuhusu daktari mwenye kalamu iliyotafunwa, na hakupunguza sauti. Alimwandikia namba za simu nyuma ya karatasi ya oda. Kisha akasimama, akaenda kwenye lifti, akabonyeza. Mlango ulipofunguka alisikiliza kwanza, kwa sikio la kazi, gurudumu likipita kwenye reli yake. Akaingia. Akapanda mpaka ya saba, akashuka, shati limemganda mgongoni. Mlinzi alimsubiri chini amesimama wima kama anapokea rais.

Jumamosi yake alikwenda kwa mdogo wake. Asubuhi alikula, akameza kidonge, akakata mstari. Alikuwa amemuuliza mshauri kama aanze kwa kumpoza, aache lile neno, 'Usiniachie.' Mshauri alimrudishia swali: "Ukiliacha, utaweza kukaa naye?"

Mdogo wake alifungua mlango akiwa na mikono yenye povu la sabuni. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Aliacha mlango wazi akarudi kwenye beseni lake uani. Baba Mapacha akamfuata, akavuta kigoda, akakaa.

"Uliniuliza alisema nini," alisema. "Nilikudanganya. Nimekuja kukwambia yote. Nitatetemeka, pengine nitalia. Usinizuie, nikisimama hapo katikati sitajua tena pa kuanzia."

Akasimulia. Akaanza na asubuhi, na mluzi, na jinsi shemeji alivyomtania mlinzi kuhusu redio yake. Akaja kwenye chuma. Akaja kwenye mkono. Hofu ilipanda, akaiacha ipande, akashika ukingo wa kigoda, akaendelea. Akasema kuhusu kutetemeka, na kicheko. Akasema lile neno, mara mbili, kama lilivyosemwa. Akasema kuhusu bega, na mlinzi kwenye ghorofa ya tano.

Mdogo wake alikuwa ameacha kufua. Povu lilikuwa limekauka mikononi.

"Miezi kumi," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, imejaa hasira. "Miezi kumi unanikimbia kama nina ukoma. Unajua mimi niliwaza nini? Niliwaza mligombana. Niliwaza alikutukana, au alinitukana mimi, kwa sababu asubuhi ile tulikuwa tumenuniana, mimi na yeye. Nikasema kaka anaficha kwa sababu ni jambo la aibu. Kila siku nalitunga upya, na kila siku linazidi ubaya!"

"Nisamehe."

"Sijui kama nimekusamehe. Ngoja kwanza." Alijifuta uso kwa mkono wa juu, akalia, akalia sana, na kaka yake hakumwambia nyamaza. Baadaye akauliza, "Ile ya mkono. Irudie."

"Aliniambia, 'Shem, mkono wako unatetemeka.'"

"Na wewe?"

"'Unaotetemeka ni wako.'"

"Na akacheka."

"Akacheka."

"Mjinga yule," mdogo wake alisema, na kitu kama tabasamu kikapita usoni mwake kikaondoka. Aliyamwaga yale maji ya sabuni, akajaza maji mengine, akamsukumia kaka yake shuka ashike upande wa pili wa kukamua. Wakakamua. Mkono wa kulia ulimuuma, hakusema.

"Mama yake naye hajui," mdogo wake alisema walipokuwa wanaanika. "Kila nikienda ananiuliza mimi, kana kwamba nilikuwepo."

Baba Mapacha alibana kibanio cha mwisho kwenye kamba. Mama mkwe wa mdogo wake alikuwa mwanamke wa maswali makali, na angeyataka yote, na angeyataka mara mbili. Daktari alikuwa amemwambia dawa itaendelea mwaka mmoja zaidi, huenda na nusu, na kwamba zitakuwepo siku atakazoona amerudi alikotoka. Siku ya kwenda kwa mama huyo ingeweza kuwa mojawapo.

"Lini unakwenda?"

"Jumamosi ijayo."

"Nipitie saa mbili," alisema. "Nitakuwa nimeshakula, na kidonge nimeshameza."